Paulo na Mchango wa Yerusalemu: Mwaminifu Naye Anahitaji Mashahidi

Kuna swali ambalo watumishi wengi hulipokea kama tusi: "Baba Mchungaji, zile hela za mabati zimefikia wapi?" Huenda anayeuliza ni mama aliyejinyima akatoa elfu tano, na anachotaka ni kujua tu. Mtumishi yeye anasikia anaitwa mwizi. Anajibu kwa ukali, au anatoa mstari wa kuonya wanaowagusa masihi wa Bwana, na tangu siku hiyo yule mama anatoa kwa kusitasita. Nimekaa kwenye kamati za fedha za kanisa muda wa kutosha kuona kwamba mara nyingi hela huwa zipo zote, hata senti haijaguswa. Lakini hakuna mtu wa pili anayeweza kusimama akasema, "Zipo, nimeziona."

Kwa viongozi walio katika hali hiyo, wenye mikono safi na jina lililoanza kuchafuka, sijaona kisa kinachofaa kuliko mchango wa Yerusalemu ambao Mtume Paulo aliukusanya kwa miaka kadhaa. Hakihubiriwi sana. Tunachokijua ni kipande chake kimoja, ule mstari unaosomwa karibu kila Jumapili kabla ya sadaka, kwamba Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu. Mstari huo umetoka katika barua halisi ya kuchangisha fedha halisi, kwa watu walioahidi wakachelewa, na waliokuwa na mashaka na mchangishaji mwenyewe.

Habari zenyewe zimetawanyika: Wakorintho wa Kwanza sura ya 16, Wakorintho wa Pili sura ya 8 na 9, Warumi 15, na Matendo sura ya 20 hadi 24. Ukizikusanya unapata kisa kizima.

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa maskini. Wakati wa Kaisari Klaudio njaa ilipiga Uyahudi, na mwanahistoria Myahudi Josephus anaeleza jinsi Malkia Helena wa Adiabene alivyonunua nafaka Misri na tini Kipro kuwalisha watu wa mji ule. Kanisa la Antiokia nalo lilichanga wakati huo, likatuma msaada kwa mikono ya Barnaba na Sauli, ndiye Paulo mwenyewe. Watu wawili, na wakaukabidhi kwa wazee. Baadaye, Yakobo, Kefa (yaani Petro) na Yohana walipompa Paulo mkono wa shirika aende kwa Mataifa, yaani watu wasio Wayahudi, walimwomba neno moja, awakumbuke maskini (Wagalatia 2:10). Hakulisahau. Katika miaka ya 50 baada ya Kristo alianzisha mchango mkubwa katika makanisa ya Galatia, Makedonia, Akaya na Asia. Nia yake ilikuwa kuwalisha maskini, na pia kuwaonyesha waamini Wayahudi kwamba hawa watu wa Mataifa ni ndugu zao kweli kweli.

Ni vizuri kujua hatari ya jambo lenyewe. Kukusanya dhahabu ugenini na kuipeleka Yerusalemu kulikuwa na historia mbaya. Josephus anasimulia kisa cha Roma mwaka 19 baada ya Kristo: Wayahudi wanne, mmoja akijifanya mwalimu wa Torati, walimshawishi Fulvia, mwanamke wa ukoo mkubwa aliyekuwa ameingia dini yao, atume nguo za zambarau na dhahabu kwa ajili ya hekalu. Wakazipokea, wakazitumia wao. Mumewe alipeleka malalamiko kwa Kaisari Tiberio, na jamii nzima ya Wayahudi ikafukuzwa Roma kwa kosa la watu wanne. Miaka mingi kabla ya hapo, liwali wa Asia aitwaye Flaccus alizikamata fedha za Wayahudi zilizokuwa njiani kwenda Yerusalemu. Huko Apamea peke yake zilikaribia ratili mia moja za dhahabu. Aliposhtakiwa Roma mwaka 59 kabla ya Kristo, alitetewa na Cicero, msemaji maarufu wa Kirumi.

Kwa hiyo mtu aliyesema, "Nipeni fedha, nitazifikisha Yerusalemu," alikuwa anatamka maneno ambayo watu walikwisha kuyasikia kwa matapeli. Paulo alilijua hilo. Hakutegemea kwamba kwa kuwa yeye ni mtume, watu wataona tofauti.

Tena kwake kulikuwa na ugumu zaidi. Korintho hawakumwelewa katika habari za fedha. Alipofika kwao alikataa kulipwa, akafanya kazi ya mahema pamoja na Akila na Priskila, lakini akapokea msaada wa ndugu wa Makedonia. Wakorintho waliona wamedharauliwa. Kisha mtu huyo huyo aliyekataa posho yao anakuja kuwaambia wachange kwa ajili ya watu wa mbali! Wengine wakaunganisha mambo: hachukui mchana, anachukua kwa mlango wa nyuma. Shutuma hiyo tunaiona katika 2 Wakorintho 12:16 na mistari inayofuata, pale anapoirudia kauli yao kwamba aliwanasa kwa hila, kisha anawauliza kama Tito aliwahi kuwatoza kitu. Kuna kiongozi anayesoma hapa na shutuma ya namna hiyo inamnyima usingizi. Ndugu, mtume aliyeyaanzisha makanisa yale aliipitia.

Sasa tuangalie alichofanya. Maagizo yake ya kwanza ni mafupi, mistari minne tu mwanzoni mwa 1 Wakorintho 16. Kila siku ya kwanza ya juma, kila mmoja aweke akiba kwake kwa kadiri alivyofanikiwa, ili michango isifanyike atakapokuja. Nikiusoma mstari huo nafikiria harambee zetu. Sisi tunangoja mgeni rasmi afike ndipo tuchange. Jina linatajwa kwenye kipaza sauti, kiasi kinatajwa, watu wanapiga makofi, na mwenye kidogo anainama akijifanya anatafuta kitu kwenye pochi. Paulo alitaka kinyume chake. Kazi iwe imekwisha kabla uso wake haujaonekana, mtu atoe akiwa nyumbani kwake ambako hakuna wa kumwangalia. Alijua kwamba uwepo wake ni shinikizo, naye akauondoa kwa makusudi. Harambee zimejenga makanisa na shule nyingi, nami sizikatai. Ila kiongozi ajue kwamba fedha iliyotolewa kwa aibu huacha manung'uniko nyuma yake, na manung'uniko hayo siku moja hurudi kwa sura ya lile swali la mabati.

Halafu linakuja neno ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa kizima: wale mtakaowachagua ninyi, hao nitawatuma kwa nyaraka wachukue zawadi yenu. Wanaochagua ni watoaji. Paulo anaandika barua za utambulisho tu. Na yeye mwenyewe? Anasema ikifaa aende, watasafiri pamoja naye. Mwenye maono ya mchango, aliyeutembeza kutoka mkoa hadi mkoa, yuko tayari asiuguse kabisa.

Barua ya pili inaonyesha mpango ukiwa umekamilika zaidi. Anamtuma Tito, ambaye ni mtu wake. Lakini pamoja na Tito anatuma ndugu mwenye sifa katika makanisa yote, na hapo anaongeza kwamba huyo alichaguliwa na makanisa asafiri nao. Halafu yuko wa tatu, ndugu waliyemjaribu mara nyingi katika mambo mengi wakaona ana bidii. Watatu hawa hawafanani. Mmoja anaaminiwa na kiongozi, mmoja anaaminiwa na watoaji, mmoja amepimwa kwa kazi. Kamati nyingi za makanisa yetu zina watu watano ambao wote ni wa aina ya kwanza: shemeji, mtoto wa ubatizo, rafiki wa tangu chuo cha Biblia. Wanaweza kuwa waaminifu wote, lakini siku ya mashaka ushahidi wao hauna uzito, kwa sababu wanaonekana ni mtu mmoja mwenye vichwa vitano.

Sababu ya mpango huo Paulo anaieleza wazi katika 2 Wakorintho 8:20 na 21. Anajiepusha mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama ile, akitangulia kufikiri yaliyo mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu." Maneno hayo nayapenda sana, maana yanafunga mlango ambao watumishi tunaupenda: "Mungu anajua." Ni kweli, Mungu anajua. Yule mama wa elfu tano hajui, naye ana haki ya kujua. Paulo haoni kwamba kuweka mashahidi ni upungufu wa imani au ni kujishusha. Anaona ni sehemu ya huduma yenyewe, na anaipanga mapema kabla lawama haijaja. Daftari linalotafutwa baada ya malalamiko, hata likiwa sahihi, linaonekana limeandikwa jana usiku.

Nimeona jambo hili likifanywa vizuri katika usharika wa kawaida kabisa. Ibada ya pili imekwisha, kwaya wanavua majoho. Kwenye meza ya ofisi vikapu vimemwagwa. Mama mmoja anapanga noti zikiangalia upande mmoja, kijana anahesabu sarafu kwa mafungu ya kumi, mzee wa zamu anafungua bahasha za ahadi moja moja na kuandika namba ya bahasha kabla hajatoa kilichomo. Kiasi kinaandikwa kwa tarakimu, kisha kwa maneno. Watatu wanatia saini. Kesho yake hela zinapelekwa benki, stakabadhi inabandikwa kwenye daftari, na Jumapili inayofuata kiasi hicho kinasomwa kwenye matangazo. Mchungaji hayumo chumbani muda wote huo. Yuko mlangoni anawapa watu mikono. Akiulizwa lolote kuhusu fedha, anasema, "Nenda kamuulize mhazini, daftari liko wazi." Anasema hivyo kwa uso mkunjufu kwa sababu hana cha kuficha, na pia kwa sababu hakuna alichobeba.

Linganisha na mtindo ulioenea sasa, wa sadaka kutumwa moja kwa moja kwenye namba ya simu ya mchungaji. Ni rahisi, hasa kwa waumini walio mbali. Lakini hela ya ada ya mtoto wake, hela aliyorudishiwa na jirani, na hela ya saruji ya kanisa zote zinakaa chini ya jina moja, na jioni mke akiomba ya mboga inatoka humo humo. Mtumishi huyo hajaiba. Ila hata yeye mwenyewe, ukimwomba akuonyeshe ya kanisa ni ipi, hawezi. Namba ya kupokelea inayosajiliwa kwa jina la kanisa, taarifa yake ikimfikia mhazini na mtu mwingine mmoja, inawezekana leo hata kwa kanisa dogo. Paulo alitenganisha kabisa: chakula chake kilitoka kwenye mahema na kwa ndugu wa Filipi, na mchango ulikuwa mikononi mwa wajumbe.

Nirudi Korintho, maana wao walikuwa na tatizo jingine tunalolijua, ahadi zisizolipwa. Walianza kwa moto tangu mwaka uliotangulia, kisha wakapoa. Wakati huohuo Wamakedonia, waliokuwa katika dhiki na umaskini mkubwa, walitoa kupita uwezo wao, tena wakiomba wenyewe wapewe nafasi. Paulo alikuwa amewasifia Wakorintho kwa Wamakedonia. Sasa anawaandikia: nitakuja, na huenda Wamakedonia wakaja pamoja nami wakawakuta hamko tayari, tukaaibika sisi, nisiseme ninyi. Hapa naona amefika ukingoni. Kutumia mfano wa kanisa moja kulisukuma jingine kunakaribia sana lile shinikizo aliloliepuka mwanzo. Kinachomzuia asivuke ni mambo mawili. Anawaambia waziwazi kwamba hasemi kwa amri, na anawatuma Tito na wenzake watangulie, ili kama ni aibu iishie kati yao na ndugu watatu, kimya kimya, kabla ya hadhara. Kiongozi mwenye wadaiwa wa ahadi angefuata njia hiyo: kutuma watu wa heshima nyumbani kwa mtu mapema, asisome majina ya wadaiwa madhabahuni. Na ilifaa, maana Warumi 15:26 inasema Makedonia na Akaya waliona vema kuchanga, na Korintho iko Akaya.

Matendo 20:4 ina orodha ambayo wasomaji wengi huiruka kwa sababu ya ugumu wa majina. Sopatro wa Beroya. Aristarko na Sekundo, wa Thesalonike. Gayo wa Derbe, na Timotheo. Tikiko na Trofimo, wa Asia. Ukijua kisa cha mchango, orodha hii inapata maana: karibu kila eneo lililochanga lina mtu wake safarini. Anayesimulia naye yumo, maana anaanza kusema "sisi." Msafara ulikuwa upite baharini moja kwa moja kwenda Shamu, lakini njama dhidi ya Paulo ikagunduliwa, wakazunguka kwa nchi kavu kupitia Makedonia. Njia ikawa ndefu zaidi, huku wakiharakisha kufika kabla ya Pentekoste.

Wakiwa njiani wanasimama Mileto, na Paulo anawaita wazee wa Efeso kuwaaga. Anawaambia hakutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu, na kwamba mikono yake ilitumika kwa mahitaji yake na ya wenzake. Watu husoma hotuba hiyo bila kukumbuka kwamba wakati anatamka maneno hayo msafara wake umebeba fedha za mikoa minne. Aliweza kusema hivyo mbele ya Trofimo, ambaye Efeso ndiko kwao, na mbele ya wajumbe waliokuwa wanajua kila kilichomo. Hakuna aliyeguna.

Sasa niseme jambo ambalo mafundisho mengi ya uongozi yangeliacha. Utaratibu huu mzuri haukumletea Paulo amani. Kabla ya safari aliwaomba Warumi wamwombee mambo mawili: aokolewe na wasioamini wa Uyahudi, na huduma yake ikubalike kwa watakatifu wa Yerusalemu. Yaani hakuwa na hakika kwamba hata waliolengwa wataupokea mchango kwa moyo mweupe. Alipofika, Yakobo na wazee walimpokea kwa furaha, lakini papo hapo wakamweleza uvumi uliokuwa umeenea juu yake, na wakamshauri agharimie wanaume wanne wenye nadhiri ili watu watulie. Akafanya. Siku chache baadaye akakamatwa hekaluni, na kisingizio kilikuwa kwamba alionekana mjini na Trofimo, wakadhani amemwingiza Myunani patakatifu. Shahidi wake wa fedha ndiye aliyetumiwa kuwa sababu ya kumkamata. Luka, mwandishi wa Matendo, hata hasimulii siku ya makabidhiano. Mchango wenyewe unatajwa kwa kupita tu, katika utetezi wa Paulo mbele ya liwali wa Kirumi, Feliki, aliposema alikuja kuleta sadaka kwa taifa lake.

Feliki akasikia neno la fedha. Sura hiyo hiyo inatuambia alitumaini Paulo atampa kitu, kwa hiyo akawa anamwita mara kwa mara kuzungumza. Miaka miwili Kaisaria, mlango wa gereza ukingoja bahasha. Paulo alikuwa na marafiki walioruhusiwa kumhudumia, na makanisa ambayo yangechanga upesi sana kumtoa. Hakutoa. Mtu aliyezoea kuzitenga fedha za watu kwa namna ile hakuanza kutafuta njia ya mkato alipokuwa yeye mwenye shida.

Kwa kiongozi anayeonewa, hapa ndipo ninapopata faraja kuliko mahali pengine pote katika kisa hiki. Paulo alitimiza kila kitu, na bado akakaa ndani. Ukiwa umeweka mashahidi, umesoma taarifa, umeacha daftari wazi, na bado kuna anayesema umekula, usihesabu kwamba umeshindwa. Endelea na utaratibu. Watu wa Filipi hawakumwacha. Waliendelea kumtumia msaada hata akiwa kifungoni, kwa mkono wa Epafrodito, na kwa barua ya shukrani aliyowaandikia tunajua kwamba aliupokea, akakiri kwa maandishi.

Kama wewe ni mchungaji wa mtaa mdogo, huna mhazini aliyesomea, na lile swali limekwisha kuulizwa, usianze kwa mahubiri ya kujitetea. Waite watu baada ya ibada, uwaonyeshe kilichoandikwa hata kama ni karatasi za daftari la shule, useme kilichoingia na kilichotoka, na pale pasipo na risiti useme hapana risiti. Kisha uwaombe wachague wenyewe watu wawili wa kuhesabu na kutunza kuanzia Jumapili ijayo, na wewe usipendekeze jina. Yule anayelalamika kuliko wote akichaguliwa, mpe kalamu.